Mtoto wetu ameitwa kusomea uhandisi wa umeme: kikundi kifahamu nini?



Barua ya kuitwa chuo kikuu ikifika kijijini, jambo la kwanza ni furaha na la pili ni harambee. Hayo hatuna shida nayo. Shida ni kwamba mara nyingi kikundi hutoa pesa bila kujua kijana anaenda kusoma kitu gani, kwa miaka mingapi, na akimaliza atakuwa nani. Katibu anasoma barua mbele ya mkutano: shahada ya sayansi katika uhandisi wa umeme na elektroniki. Mwenyekiti anauliza, "Hiyo ni nini?" Mtu wa nyuma anajibu, "Ni ya stima hiyo!" Watu wanapiga makofi, kofia inapitishwa, na mazungumzo yanaishia hapo.

Katika toleo hili tumeona tulieleze jambo hili polepole. Si kwamba kila boma hapa Uriri lina mtoto wa kozi hii. Ni kwa sababu kozi yenyewe ni ndefu, ina gharama, na ina mitego ambayo imewaumiza vijana wa nchi hii pamoja na wazazi wao, wengine hata wakafika kortini.

WATU WATATU WA STIMA

Wengi wetu tukisikia "injinia wa stima" tunamfikiria yule kijana anayepanda nguzo akiwa na mshipi kiunoni, au yule anayefunga waya na soketi nyumbani. Huyo ni fundi. Kazi yake ni ya heshima na tunamhitaji sana, lakini kazi ya injinia ni nyingine, na kati yao kuna mtu wa tatu, teknishani.

Tuchukue mfano tunaoujua. Kikundi cha akina mama kinataka kuweka mashine ya posho sokoni. Fundi ndiye atakayevuta waya, afunge swichi na kuhakikisha kila kitu kimekaa imara. Teknishani, ambaye amesoma diploma, atapima, atachagua stata inayofaa mota, na siku mashine ikigoma ndiye atakayetafuta ubovu uko wapi. Injinia huanza kuuliza maswali hata kabla ya waya kununuliwa. Transfoma iliyo pale ina uwezo gani? Inalisha nyumba ngapi tayari? Kutoka hapo mpaka kwa mashine ni mita ngapi? Mota ikiwashwa itanyonya stima kiasi gani?

Swali hilo la mwisho si la bure. Mota inapoanza kuzunguka kutoka kusimama hunyonya mkondo mara tano hadi saba zaidi ya ule inaotumia ikishakimbia. Ndiyo maana mashine ikiwashwa, taa za majirani hufifia kidogo halafu zinarudi. Sasa kama transfoma ni ndogo, au waya ni mwembamba na umetoka mbali, mota inakosa nguvu ya kuanza. Inanguruma bila kuzunguka, inapata joto, mwishowe inaungua. Akina mama wanaanza kuchanga tena ili mota ifungwe waya upya, na lawama zote zinamwendea fundi, ilhali kila waya aliufunga sawasawa. Kosa lilikuwa kwenye hesabu, na hesabu yenyewe hakuna mtu aliyeifanya.

Hesabu hiyo ndiyo kijana wetu anaenda kusomea.

Tutoe nyingine ndogo, ili mwone inavyofanya kazi. Nguvu ya stima, tunayoipima kwa wati, ni volti mara ampea. Volti ni ule msukumo, kama maji yanavyosukumwa kutoka tangi lililo juu. Ampea ni wingi wa kile kinachopita ndani ya waya. Tuseme soko na vijiji vyake vinahitaji kilowati 240. Kama stima hiyo ingeletwa kutoka Awendo kwa volti 240, zile za nyumbani, waya ungebeba ampea 1,000. Waya wa kubeba mzigo huo ungekuwa mzito mno kwa nguzo za mti, na sehemu kubwa ya stima ingegeuka joto njiani kabla haijatufikia. Lakini kwa volti 33,000, nguvu ile ile inahitaji ampea 7 na kitu kidogo. Tena, joto linalopotea kwenye waya hufuata mkondo ukizidishwa kwa wenyewe: ukipunguza ampea mara kumi, hasara inapungua mara mia. Hiyo ndiyo kazi ya laini kubwa zinazopita juu, na ya transfoma inayozishusha volti karibu na kwetu. Watoto wanaochezea chini ya transfoma waambiwe kwamba upande wake mmoja una volti elfu nyingi.

NA HIYO ELEKTRONIKI?

Jina la kozi lina nusu mbili. Nusu ya kwanza ni ya stima nzito: mabwawa, laini, mota, transfoma. Nusu ya pili, elektroniki, ni stima ndogo ambayo badala ya kubeba mzigo inabeba habari. Betri ya simu yako haifiki volti tano. Ndani ya simu mkondo mdogo sana unawashwa na kuzimwa mamilioni ya mara kila sekunde, na kule kuwaka na kuzima ndiko kunakuwa herufi, sauti ya mtu, au salio la M-Pesa. Ule mnara wa simu tunaouita busta ni kazi ya watu wa nusu hii.

Mfano mzuri zaidi uko ukutani kwako kama unatumia mita ya tokeni. Mtakumbuka mwaka wa 2024 watu walivyosumbuka. Mtu ananunua tokeni, anapata nambari ndefu tatu badala ya moja, na asipoziingiza kwa mfuatano mita inakataa. Kulikuwa na maneno mengi, ati ni ujanja wa kupandisha bei. Kumbe jambo lenyewe lilikuwa hivi. Kila tokeni ya tarakimu 20 hubeba ndani yake, kwa njia ya siri, wakati ilipotolewa, ili mtu asiitumie mara mbili. Wakati huo ulihesabiwa kwa dakika tangu Januari mosi 1993. Nafasi iliyotengewa hesabu hiyo ilikuwa kama swichi 24 zilizopangwa mstari, na kila swichi ama imewaka ama imezima. Swichi moja inakupa hali 2, mbili zinakupa 4, tatu zinakupa 8. Endelea hivyo mpaka 24 na utapata 16,777,216. Dakika hizo ni karibu miaka 32, na zilikuwa zinaisha tarehe 24 Novemba 2024. Wala haikuwa Kenya peke yake, mita za aina hiyo katika nchi nyingi zilibidi zirekebishwe kabla ya siku hiyo. Nambari mbili za kwanza zilikuwa za kuiambia mita ianze hesabu upya, na ya tatu ndiyo stima yenyewe.

Kwa hivyo uamuzi uliofanywa mezani na wahandisi miaka mingi iliyopita, kwamba swichi 24 zitatosha, ulikuja kumfikia mama mmoja Uriri akiwa gizani na karatasi yenye nambari 60 mkononi. Kazi hii iko hivyo. Injinia hayuko pale, lakini uamuzi wake upo.

MIAKA MITANO, MWAKA KWA MWAKA

Hapa Kenya shahada ya uhandisi huchukua miaka 5. Kozi nyingi nyingine ni miaka 4, na hata majirani zetu wa Makerere na Dar es Salaam husomesha uhandisi kwa miaka 4. Kikundi kinachochanga pesa kiandike hiyo 5 kwa wino mzito.

Mwaka wa kwanza huwavunja wengi moyo, kwa sababu stima yenyewe karibu haionekani. Ni hisabati, fizikia, michoro ya kihandisi, na karakana ambapo kijana anashika tupa na kujifunza kukata chuma. Akija nyumbani Krismasi, mjomba anamletea redio iliyokufa. Anaigeuza geuza, anairudisha bila kuitengeneza, na mjomba anaanza kusema pesa za harambee zimepotea. Mjomba asubiri. Kutengeneza redio ni kazi ya fundi wa redio, na huyo kijana hajafundishwa hiyo.

Mwaka wa pili na wa tatu ndio mlima. Hapa sakiti zinaanza, dayodi na transista, mota na jenereta, na hisabati inayozidi kuwa ngumu. Stima yetu huenda na kurudi mara 50 kila sekunde, na ndani ya mota mkondo huchelewa kidogo nyuma ya volti, kama mtu anayesukuma mkokoteni mzito: anasukuma kwanza, mkokoteni unafuata baadaye. Ili kufanya hesabu ya vitu viwili ambavyo haviendi pamoja, wahandisi hutumia namba zenye sehemu mbili ndani ya namba moja. Mwanafunzi asiyekuwa imara katika hesabu za shule ya upili hukwama hapa, anarudia mitihani, na mwaka mmoja unaweza kuongezeka. Pesa za harambee, ambazo zote zilitolewa ule mwezi wa kwanza kwa shangwe, zimekwisha kitambo.

Mwaka wa nne wanafika kwenye mfumo mzima wa kawi, na hapo hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Katika mto Kuja, hapa hapa Kaunti ya Migori, kuna kituo cha Gogo. Kilijengwa miaka ya 1950 kulisha mgodi wa Macalder. Mgodi wa wakati ule ulifungwa, lakini kituo kikabaki, na kikaja kuwa mikononi mwa KenGen. Ni kidogo, megawati 2 tu. Hata hivyo mwanafunzi anaweza kusomea pale karibu kila kitu: maji yanaanguka, yanazungusha tabo, tabo inazungusha jenereta, na stima inatoka.

Lakini jenereta haziwezi kuungana hivi hivi. Waliolima na ng'ombe wataelewa. Ng'ombe wawili chini ya nira moja lazima waende hatua moja, mmoja akikimbia na mwingine akivuta nyuma jembe linapotoka na nira inaweza kuvunjika. Jenereta zote zilizo kwenye gridi ya taifa, za mto Tana, za Sondu Miriu, za mvuke wa Olkaria, zinavuta nira moja na lazima ziende hatua moja, ile ya mara 50 kwa sekunde. Kabla ya Gogo kuunganishwa, mtu anasubiri mpaka mwendo wake ulingane kabisa na wa wengine, ndipo swichi inafungwa. Akikosea, chuma kinavunjika.

Na ng'ombe mmoja akianguka ghafla? Tarehe 7 Juni 2016 tumbili alipanda paa la kituo cha Gitaru kwenye mto Tana, akaanguka juu ya transfoma. Transfoma ikajizima. Mitambo mingine ya kituo ikalemewa nayo ikajitoa, na zaidi ya megawati 180 zikapotea kwa mara moja. Waliobaki chini ya nira wakavuta zaidi, mwendo ukashuka, kila mtambo ukajitoa ili kujiokoa, na nchi nzima ikawa giza kwa saa kadhaa. Tumbili mwenyewe alipona, akachukuliwa na shirika la wanyamapori. Tulicheka sana wakati ule. Lakini kumbukeni hospitali siku hiyo. Kuna somo zima chuoni juu ya jambo hili: jinsi ya kupanga vifaa vya kinga ili penye ubovu pakatwe mapema, pale tu, na pengine pote pabaki salama. Ukilielewa ukiwa mwanafunzi, utakumbuka tumbili huyo maisha yako yote.

Mwaka wa tano ni wa kuchagua upande na kufanya mradi wa mtu mwenyewe. Wengine huenda upande wa kawi, wengine mawasiliano, wengine mitambo inayojiendesha. Isifikiriwe kuwa ni kazi ya karatasi tu. Setilaiti ndogo ya kwanza ya Kenya, sanduku la sentimita 10 kila upande, ilitoka Chuo Kikuu cha Nairobi kwa ushirikiano na Waitalia, ikaachiliwa kutoka kituo cha anga za juu tarehe 11 Mei 2018.

Katikati ya miaka hiyo kuna mafunzo kazini, yale wanafunzi huita atachimenti. Kijana anaenda kukaa kwenye kiwanda au kampuni wiki kadhaa, mara nyingi bila malipo, na pengine Nairobi au Mombasa ambako lazima apange chumba. Mtu asiyeyajua haya huuliza, "Si wamefunga shule, mbona anaitisha pesa?" Hiyo ni gharama ya kweli. Iwekwe kwenye bajeti tangu mwanzo. Kwa maoni yetu ingekuwa vizuri kama kijana angejaribu mahali pa karibu pia, kama kiwanda cha sukari cha Awendo. Viwanda vya sukari huchoma makapi ya miwa, vikapata mvuke wa kuzungusha tabo za stima yao wenyewe, na ndani yake mna mota za kila ukubwa.

MTEGO WA KOZI

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tuandike.

Kusoma uhandisi hakumfanyi mtu awe injinia mbele ya sheria. Sheria ya Wahandisi ya mwaka 2011 inasema asajiliwe na Bodi ya Wahandisi ya Kenya. Anaanza kwa kusajiliwa kama mhandisi mhitimu, anafanya kazi chini ya wenye uzoefu kwa miaka isiyopungua mitatu, anatathminiwa, ndipo anapata kibali cha kutia sahihi michoro yake mwenyewe. Na bodi haisajili kila anayekuja na cheti. Inaangalia kama kozi aliyosoma inatambuliwa.

Miaka iliyopita wahitimu wa vyuo vikuu kadhaa vya hapa nchini walifika mbele ya bodi na vyeti halali vya vyuo vyao, wakakataliwa kwa sababu kozi zao hazikuwa zimetambuliwa. Walienda kortini, zaidi ya mia moja kwa pamoja, na kesi ikafika hadi Mahakama ya Juu, iliyotoa uamuzi mwaka 2018. Fikirieni wazazi wao. Ng'ombe wameuzwa, miaka mitano imepita, kijana ana gauni na kofia kwenye picha ukutani, halafu bado yuko kwa wakili.

Kwa hivyo, kabla ya kofia kupitishwa, kikundi kiulize: kozi hii, katika chuo hiki, inatambuliwa na Bodi ya Wahandisi? Usiulize kama chuo ni kizuri, wala kama ni cha serikali. Chuo kinaweza kuwa na jina kubwa na kozi zake nyingine zikatambuliwa, hii moja ikawa bado. Bodi hutangaza orodha ya kozi inazozitambua, na mtu mwenye simu anaweza kuipata. Asiyeweza aandike barua kwa bodi na kusubiri jibu. Jina la kozi lilinganishwe neno kwa neno na lile la barua ya kuitwa, kwa maana vyuo vina kozi zenye majina yanayofanana: uhandisi wa umeme na elektroniki, uhandisi wa umeme na mawasiliano, teknolojia ya umeme. Hazihesabiwi kuwa kitu kimoja.

Vyuo vyenye historia ndefu katika kazi hii vinajulikana. Nairobi ilianza kupokea wanafunzi mwaka 1956 ikiwa chuo cha ufundi cha kifalme, ikawa chuo kikuu kamili 1970. Chuo cha Jomo Kenyatta pale Juja kilianza 1981 kwa msaada wa Japani na kikawa chuo kikuu 1994. Moi, Eldoret, ni cha 1984. Zile politekniki za zamani za Nairobi na Mombasa zilipewa hadhi ya vyuo vikuu vya kiufundi mwaka 2013. Hata kwa hivi, angalieni orodha.

NJIA ZA KUINGILIA

Kwa mtahiniwa wa KCSE, chuo kikuu kinahitaji alama ya C+ kwa jumla, na kozi ya uhandisi huangalia hasa Hesabu, Fizikia na Kemia. Kwa kuwa wanaoitaka ni wengi, C+ peke yake mara nyingi haifiki mbali. Mtihani huo wenyewe unaelekea mwisho, darasa la mwisho la 8-4-4 ni la mwaka 2027. Wadogo zao walioingia Gredi ya 10 mara ya kwanza Januari 2026 wamepangwa kwa njia tatu, na ya mhandisi ni ile ya STEM, yenye hesabu nzito, pamoja na Fizikia na Kemia miongoni mwa masomo ya kuchagua.

Hapo ndipo watoto wetu hupotea, na hupotea mapema, bila kelele. Katika mfumo wa zamani mtoto aliacha Fizikia akimaliza kidato cha pili, pengine kwa sababu ni ngumu, pengine shule haikuwa na mwalimu, pengine mtu alimwambia msichana kwamba hiyo si yake. Siku ile aliaga uhandisi wa kila aina, na hakuna mzazi aliyejua. Sasa uamuzi huo umesogea nyuma, unafanywa mtoto akiwa Gredi ya 9. Wenye watoto wa umri huo wasingoje matokeo ya mwisho ndipo wafike shuleni.

Aliyekosa alama asilie sana. Kisumu na Kisii kuna politekniki za kitaifa. Diploma huhitaji C-, cheti huhitaji D, na kozi ya fundi haimfungii mlango hata aliye chini ya hapo. Mwenye diploma nzuri anaweza kuendelea hadi shahada, ingawa atazeeka kidogo njiani. Tena tuseme wazi: wakati mwingine fundi mwenye leseni ya EPRA hupata kazi mapema kuliko mwenye shahada. Kila nyumba inayotaka kuunganishwa na Kenya Power inahitaji wayaringi iliyothibitishwa na mtu mwenye leseni. Wale wanaofunga bila leseni, wakiacha waya wa athi kwa sababu "hata bila hiyo taa inawaka", wametuletea misiba. Kijiji chenye mafundi wawili wa leseni kimepata kitu kikubwa, na gharama yake haifiki nusu ya ile ya injinia mmoja.

PESA ZA KIKUNDI

Hatutaandika kiasi hapa. Mkopo wa HELB, iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 1995, bado uko, na ni deni lenye riba ambalo kijana atalipa. Mwaka 2023 serikali ilileta mfumo mwingine unaopima hali ya nyumba ya kila mwanafunzi, na mfumo huo ukapelekwa kortini. Kwa hivyo alicholipa mtoto wa jirani miaka minne iliyopita kisiwe kipimo chenu. Itisheni karatasi ya karo ya mwaka huu, pigeni mara tano, kisha ongezeni chumba, chakula, kalkuleta ya sayansi, kompyuta ya mkononi kufikia mwaka wa pili, na atachimenti.

Desturi ya kutoa kila kitu siku ya harambee ina utamu wake, mgeni wa heshima anaonekana, picha zinapigwa. Sisi tungependelea kikundi kitoe kidogo muhula kwa muhula, hata kama ni nauli na chakula tu, na kila mara kijana alete matokeo yake mtunza hazina ayaone. Lengo si kumfanya mfungwa. Akikwama mwaka wa pili mtajua akiwa bado anaweza kusaidiwa. Na msimwekee sharti la kurudi kufanya kazi kijijini, maana kazi ya injinia iko kwenye mitambo na laini kubwa, na wengine hukaa muda mrefu kabla ya kuajiriwa mahali popote.

Kikundi chenye pesa kidogo, ambacho hakina mtoto wa chuo mwaka huu, kinaweza kuanzia kwingine. Fikeni katika shule ya upili iliyo karibu muulize mwanafunzi mmoja wa Fizikia ni mara ngapi ameshika multimita kwa mkono wake mwenyewe. Wengi huiona mwalimu akiishika mbele ya darasa, wakaionea tena kwenye mtihani. Multimita za kawaida tano, betri, balbu ndogo, waya, swichi na sumaku ni vitu vinavyotoshea ndani ya katoni moja. Mwalimu wa Fizikia aulizwe kwanza kabla ya kununua chochote, kwa maana yeye ndiye anayejua kabatini kuna nini na nini kimevunjika.